Kurasa Nne za Sehemu ya Tatu

Tumemzika Lusekelo Jumanne, kule Ngana, pembeni mwa migomba ya ukoo wao, na aliyesoma wasifu wa marehemu alisema mara mbili kwamba marehemu alifaulu kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea "kwa juhudi zake mwenyewe." Nilihesabu. Mara ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya. Mara ya pili nilimgeukia mama niliyekaa naye kwenye mkeka nikamwuliza, "Mwenyewe na nani?" Akaniambia ninyamaze, watu wanalia. Nami nilikuwa nalia, lakini mtu anaweza kulia na bado akataka mambo yasomwe yote. Lusekelo alifaulu kwa juhudi zake, kwa kitabu nilichokivusha mimi kutoka ng'ambo ya mto Songwe, na kwa michoro ya mkono wangu. Mimi nilifeli kwa juhudi zangu, na kwa daftari lake. Hayo hayasomwi makaburini, kwa hiyo nayaandika hapa.

Mwaka ninaousema ni ule ambao maduka ya Bondeni, mtaa wetu wa mjini Kyela, yalianza kujaa tena. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kupanga foleni ya sabuni tusiyoiona, na ghafla, kwa ruksa ya soko huria, zikaja sabuni za rangi tatu, viatu vya plastiki, redio za betri nne, na biskuti ambazo hata panya wa Kyela hawakuwa wamezizoea. Kila chenye kuuzika upesi kilikuja. Kitabu cha baiolojia hakikuja. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nauza mchele mpakani, nimefaulu Kemia na Fizikia na kuanguka Baiolojia kwa daraja moja. Chuo cha maabara kilikuwa kimeniandikia barua kwamba nikilirudia somo hilo moja na kulipata, nafasi yangu ipo. Mwaka unaofuata hawaahidi kitu. Barua hiyo niliisoma asubuhi nikaisoma tena mchana, na maneno "hatuahidi kitu" yalikuwa palepale. Kwa hiyo nilikuwa na mtihani mmoja, na mada moja ndani ya mtihani huo iliyokuwa imeniangusha: jinsi bakteria anavyonakili DNA yake, na jinsi anavyochanganya vinasaba. Wakubwa wa somo walizoea kuzifundisha kama mada mbili zisizosalimiana. Mimi sikuijua hata moja.

Tulisoma wawili, mimi na Lusekelo, kwenye sebule ya Mwalimu Asajile. Sebule ilikuwa na viti sita, vizima vinne, na vyote sita vimevalishwa vitambaa vya kufuma ili usijue vipi ni vipi mpaka umekaa. Uani kakao ilikuwa imeanikwa kwenye majamvi, na harufu yake ya uchachu iliingia dirishani ikakaa nasi kama mwanafunzi wa tatu. Mwalimu alifundisha vizuri alipokuwepo. Shida ni kwamba alikuwepo nusu. Wingu likitokea upande wa Tukuyu, mke wake aliita, "Baba, kakao!" naye aliacha sentensi katikati, akatoka mbio kukunja majamvi. Nimewahi kuhesabu: somo la saa moja, "Baba, kakao" mara tatu. Lusekelo hakukasirika. Alikuwa katibu wa kwaya ya kanisani kwao, kijana mrefu, mpole wa kuudhi, mtu wa kusema "ndaga", yaani asante, hata anapokanyagwa. Mwalimu akitoka, yeye aliinama akaendelea kuandika, kama vile sentensi zilizokatika ni kazi ya mtu mwingine.

Habari za kitabu nilizisikia Karonga, ng'ambo ya mto, kwa tabibu mmoja niliyekuwa nikimpelekea mchele. Kilikuwa kikubwa, cha Kiingereza, kimeachana na jalada. Nilimwomba aniazime, akasema ana mke. Sikuona uhusiano mpaka mke mwenyewe alipotoka jikoni. Alitaka vyungu viwili vya Ikombe, akasema, vya kweli, si vile vinavyouzwa barabarani vinavyovuja mchuzi. Vyungu vikifika, kitabu kinatoka, kwa wiki tatu. Nikashuka mpaka Matema, nikapanda mtumbwi hadi Ikombe, nikamkuta mama mmoja wa Kikisi amekaa kati ya vyungu vyake, miguu imenyooshwa, mikono myeupe kwa udongo mkavu. Nilikigonga cha kwanza kwa kidole.

"Hiki kinalia kama kina mafua," nikasema.

"Chungu hakiimbi, dada. Kinapika."

"Nipe kile cha nyuma."

"Cha nyuma kina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye unayembishia."

Tulimalizana kwa chumvi na kanga moja, na bado akanifanya nivigonge vyote viwili tena, mbele yake, nikiri kwa mdomo wangu kwamba ni vizima, ili nikivipasua njiani nisirudi kumlaumu. Wakati huo niliona ni usumbufu. Leo nadhani yule mama ndiye aliyekuwa mwalimu bora niliyekutana naye mwaka ule, na sikuandika hata neno lake moja.

Sura ya bakteria ilikuwa na kurasa ishirini na sita, maandishi madogo ya kubanana. Tuliinakili kwa mkono kwenye meza ya chumba changu Bondeni, kitabu katikati, Lusekelo kushoto, mimi kulia, kila mtu na madaftari yake. Mchana tulikula wali na usipa wa kukaanga, vile vidagaa vya ziwani, mkono mmoja ukila na mwingine ukishikilia ukurasa usifunuke. Kiingereza changu kilikuwa cha mpakani: kilijua kupunguza bei, kilijua kumwambia mtu mizani yake imelala, lakini kwenye kitabu kile kilikuwa mgeni kabisa. Nilinakili maneno mengi kama mtu anavyonakili michirizi ya kanga. Ila michoro niliiweza. Nilichora vile viduara vya DNA mpaka Lusekelo akaacha kuchora kabisa, akawa anaacha nafasi tupu na kuandika ndani yake, "Mchoro uko kwa Atu," yaani kwangu.

Alikuwa pia na tabia nyingine. Mwandishi wa kitabu kile alipenda kurudia. Sehemu ya kwanza, ya tatu na ya nne ya sura, zote alizifungua kwa sentensi ileile, kwamba kabla seli haijagawanyika, urithi wake wote ni lazima uwe umenakiliwa. Mara ya kwanza Lusekelo aliiandika yote. Mara ya pili aliandika maneno mawili, akaweka nukta nyingi, akaendelea. Vichwa vya sehemu alikuwa anaviruka tangu mwanzo, akidai mtihani hautoi alama kwa vichwa.

"Nini hiki?" nikamwuliza.

"Kiitikio. Kiitikio kinaandikwa mara moja tu, Atu. Daftari zima la kwaya liko hivyo, na watu wanaimba."

"Hapa nani anaimba?"

"Wewe sauti ya pili," akasema, na wala hakuinua macho.

Nilicheka. Hilo nalikiri, maana baadaye nimewasimulia watu kama vile sikujua. Nilijua, na niliona ni jambo la kuchekesha, nikala usipa wangu.

Kitabu kilirudi Karonga siku iliyopangwa. Wiki mbili baadaye mvua za Aprili zikaja na maji yakaingia chumbani kwangu kwa utulivu, bila kelele, kama mpangaji. Niliokoa mchele. Madaftari yalikuwa kwenye katoni chini ya kitanda. La pili, lililoanzia katikati ya sehemu ya nne, lilikuwa juu, likapona. La kwanza lilikuwa chini, na nusu yake ya mwisho ikawa ziwa la wino wa bluu. Mstari wa mwisho niliouweza kusoma ulikuwa sentensi ile ya kiitikio, ile inayofungua sehemu ya tatu. Nilimwendea Lusekelo Ngana. Daftari lake lilikuwa kavu, limelala ndani ya sanduku la bati la kwaya pamoja na nyimbo za Pasaka. Aliniazima kwa mchana mmoja, kwa kuwa jioni alikuwa na mazoezi na sanduku lilikuwa linahitajika na vyote vilivyomo.

Sasa sikiliza nilivyofanya, maana nimelifikiria jambo hili kuliko ndoa yangu. Nilikuwa na kipande cha mwanzo, kinachoishia kwenye kiitikio. Nilikuwa na kipande cha mwisho, kilichoanzia katikati ya sehemu ya nne. Nilihitaji cha kati. Kwa kuwa nilijua kwa hakika ninapotaka kufika, nilianza kulifunua daftari lake kutoka huko, narudi nyuma, jinsi ninavyohakiki magunia: unaanzia ulipoishia jana. Nikarudi ukurasa, nikarudi mwingine, nikakutana na maneno mawili na nukta nyingi. Hiki hapa kiitikio changu! Nikanakili kuanzia hapo kwenda mbele mpaka nilipokutana na daftari langu la pili, na vikaungana bila hata kikohozi. Sentensi ilifuata sentensi. Nilizipa kurasa zangu namba upya, nikazihesabu, nikazihesabu tena, zikatoka idadi ileile mara zote mbili. Nilijisifu. Ilinichukua miaka kukubali kwamba nilikuwa nimekihesabu kitu kilekile kibovu mara mbili, na kwamba kitu kibovu nacho huwa na idadi yake, tena haibadiliki. Kiitikio nilichokishika kilikuwa cha sehemu ya nne. Sehemu ya tatu yote, kurasa nne za kitabu, ilibaki Ngana ndani ya sanduku.

Mwezi Mei Mwalimu akatufundisha mada yenyewe. Alikuja na ngata, ile ya majani makavu ya mgomba ambayo wanawake huweka kichwani chini ya ndoo, aliyoisokota kwa nyuzi mbili tu.

"Bakteria ana DNA moja," akasema, "nayo ni duara. Nyuzi mbili zimesokotana, na kila uzi ni kioo cha mwenzake. Kunakili hakuanzi popote. Kunaanza hapa." Akazitenganisha nyuzi mahali pamoja kwa kidole gumba. "Zikiachana, kila uzi mkongwe unatengenezewa mwenzake mpya. Kazi inakwenda pande zote mbili, kushoto na kulia, mpaka mafundi wakutane upande wa pili. Mwisho una ngata mbili. Seli inagawanyika, kila mtoto anaondoka na yake. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja, Mwalimu."

"Sasa, uzi mmoja ukiwa na mkato, fundi hajui, anakuja kwa kasi yake, anafika pale..." Jani lilikuwa kavu mno. Likakatika mkononi mwake hata kabla hajalikata, mkono mmoja wa ngata ukaning'inia. "Eeh! Hivyo hivyo! Kazi imesimama, mkono mmoja umeachwa hewani. Bakteria afe? Na hapo ndipo mambo mawili mnayoyaona mbalimbali, kunakili na kuchanganya, yanapo..."

"Baba, kakao!"

Alisimama. "Iko sehemu ya tatu yote," akasema akiwa mlangoni. "Someni wenyewe."

Nilisoma. Kwenye daftari langu, baada ya kiitikio, palikuwa na habari za bakteria kupokea kipande cha DNA ya mgeni, na kifaa kinachokitafutia mahali penye mwandiko unaofanana na kukiingiza. Hapakuwa na uzi uliokatika. Hapakuwa na fundi aliyeachwa hewani. Nikasoma tena. Nikachukua kamusi ya kuazima, nikatafuta kila neno, nikawaza labda moja kati ya haya ndilo lenye maana ya kukatika. Nilisoma kurasa hizo mara saba. Kipindi kilichofuata nilimwambia Mwalimu kwamba sehemu ya tatu haisemi chochote kuhusu kuvunjika.

"Inasema," akajibu. "Soma vizuri."

"Nimesoma, Mwalimu."

"Inasema, Atu," Lusekelo naye akadakia, kwa upole wake ule. "Tena imeeleza vizuri sana. Nikuletee langu?"

Hapa ndipo mwaka wangu ulipokatika, na sikusikia hata mlio. Ningesema ndiyo. Lakini daftari lake nilikuwa nimeshaliazima na kulirudisha nikisema limenitosha, na mtu aliyelelewa na mizani harudi dukani kusema kipimo alichokikubali mwenyewe kilikuwa pungufu. "Ninalo," nikamjibu. Nikaenda nyumbani nikiamini kwamba wenzangu wanaona maneno kwenye karatasi ambayo mimi, kwa uzito wa kichwa changu, siyaoni. Kwa wiki tano nililala na kuamka nikijiita mjinga kwa ajili ya kurasa ambazo hazikuwepo. Nikiulizwa leo ni nini kilichoniuma zaidi mwaka ule, sitaji matokeo. Nataja wiki hizo tano.

Swali la mwisho la mtihani lilikuwa refu kuliko yote na lenye alama nyingi kuliko yote. Kuna bakteria, lilisema, waliokosa kile kifaa cha kuunganisha vinasaba. Wako peke yao ndani ya chupa, hawajapewa DNA ya mgeni yeyote, chakula wanacho tele. Hata hivyo wengi wao wanakufa wanapozaliana. Eleza kwa nini. Nilijaza kurasa tatu. Nilieleza jinsi mgeni anavyopokewa, anavyotafutiwa mahali, anavyoingizwa, nikachora mchoro ambao hata msimamizi alisimama kuutazama. Nilieleza ukarimu wote wa bakteria kwa wageni ambao swali lenyewe lilisema hawapo.

Nje, kwenye nyasi, Lusekelo alinijia anacheka. "Umeona swali la mwisho? Sehemu ya tatu, neno kwa neno!"

"Sehemu ya tatu ni wageni."

"Wageni ni ya nne." Akanitazama. "Atu, wageni ni ya nne."

Sikuhitaji daftari. Niliziona kurasa zote kichwani, maneno mawili na nukta nyingi, vidole vyangu vikifunua kutoka nyuma. Nikamwambia kwamba kwaya yake ndiyo imeniua, kwamba mtu anayeandika kitabu cha sayansi kama pambio ni adui wa umma. Akavumilia mpaka nilipomtaja mchungaji wake.

"Nani alikutuma uanzie nyuma?" akasema, na hiyo ndiyo mara pekee niliyowahi kumsikia akipaza sauti. "Kuna mtu anaanza wimbo kwa Amina?"

Watahiniwa wengine waliacha kubishana majibu yao wakatusikiliza sisi. Kabla hatujaachana aliniambia jioni ataniletea zile kurasa nizisome. Nikakataa. Nilikuwa nimepiga hesabu: nikiwa nimefaulu sizihitaji, nikiwa nimefeli zitanichoma bure.

Matokeo yalibandikwa ofisi ya elimu. Nilipata herufi ileile ya mwaka uliotangulia, yaani mwaka mzima, vyungu viwili, mto uliovukwa mara nne, na sikusogea hata hatua. Lusekelo alipata ya juu kuliko sisi sote wa Kyela tuliorudia. Chuo cha maabara kilimwita. Kama nafasi aliyopewa ndiyo ile yangu au nyingine, sikuuliza wakati ule, na Jumanne, mbele ya jeneza lake, niligundua kwamba kwa miaka yote hii naye hakuwahi kuniambia.

Siku ya kuondoka alinifuata kibandani kwangu, karibu na mabasi, begi begani. Alizunguka zunguka, akasifu mchele, akauliza hali, mwishowe akatoa la moyoni: alitaka michoro yangu. Chuoni wangeanza na bakteria, na daftari lake lilikuwa na nafasi tupu kila mahali zenye jina langu ndani.

"Chukua," nikamwambia. "Unipe kurasa nne."

"Za nini tena, Atu? Mtihani umekwisha."

"Zangu. Uziandike wewe, hapa, sasa hivi. Na kila neno, nisione nukta."

Aliangalia basi. Kondakta alikuwa anapiga ubao wa mlango akiita, "Tukuyu, Mbeya! Tukuyu, Mbeya!" Lusekelo akaweka begi chini, akakaa kwenye gunia, akafungua daftari lake gotini akaanza kunakili. Nilisimama nyuma yake nikisoma kila mstari kwenye chanzo, kisha kwenye nakala. Alipofika ukurasa wa pili basi liliwashwa. Aliinua kichwa. "Andika," nikasema. Akaandika. Lilipotoka, abiria mmoja alimpungia dirishani, na yeye alikuwa kwenye ukurasa wa tatu, jasho likimdondoka puani. Baadaye alipata lori la mchele.

Alipomaliza nilimpa michoro, nikachukua karatasi zangu, nikasoma palepale nimesimama. Zilisema kwamba mkono wa DNA uliokatika wakati wa kunakili haupotei. Mwisho wake unamtafuta ndugu yake pacha, nakala ya pili iliyo mlemle ndani ya seli, unaupata mwandiko unaofanana na wake, unajiingiza hapo, na kazi ya kunakili inaanza tena kutoka pale. Kwamba kifaa cha kuchanganya hakikuwekwa kwa ajili ya wageni. Kazi yake ya kila siku ni kuokoa unakili uliokwama, na asiyekuwa nacho hufa peke yake ndani ya chupa, kashiba. Ukurasa wa nne, mwishoni, ulionya juu ya jambo moja: mwandiko mmoja ukitokea mahali pawili, mwisho uliokatika huweza kujiunga kwa ule usio wake, na vyote vilivyo katikati vikapotea, na duara likafungika vizuri kana kwamba halijapungukiwa. Hiyo niliirudia.

"Umeelewa?" Lusekelo akauliza. "Kama kuna mahali pagumu nikueleze, lori bado."

Nilitafuta mahali pagumu. Nilitafuta kwa bidii, juu hadi chini, kurasa zote nne, maana laiti zingekuwa ngumu ningemsamehe, na ningejisamehe, tukaenda. Hata kamusi sikuihitaji.

"Hakuna," nikamwambia. "Ni rahisi."